Dirii ya Bati na Punda wa Mama Namnyaki

Leo aibu imenikuta nikiwa nimevaa bati. Sisemi kofia ya bati. Bati mwili mzima, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, na juu ya nyumbu! Nisogezeeni hicho kigoda. Polepole, jamani. Mgongo.

Ninyi wa hapa mjini mna bahati, hamkuwepo. Kule kwetu Nkoaranga walikuwepo wote. Mchungaji alikuwepo. Wazazi wa shule nzima walikuwepo. Hata wagonjwa wanaoweza kusimama walisogea kwenye ua wa hospitali kutazama (mmoja alicheka mpaka akarudishwa kitandani).

Nianze mwanzo.

Mwalimu Anaeli anafundisha historia pale shuleni. Akitoka darasani hupita kibandani kwangu, anakaa juu ya debe, ananisimulia vita vya Ulaya ya zamani kama mwingine anavyoleta habari za sokoni. Juzijuzi akaja na wapanda farasi.

"Fundi, walikuwa wa aina mbili," akasema. "Wazito na wepesi. Mzito alivaa chuma mwili mzima. Dirii kifuani, chapeo kichwani, hata viganja vimefunikwa. Farasi wake mkubwa, naye kavishwa. Mkuki mrefu kama boriti. Wanajipanga goti kwa goti, wanaanza polepole, halafu wanakuja wote kwa pamoja. Ukiwawekea ukuta wa watu mbele, ukuta unafunguka."

Nyundo ikanibaki mkononi. Hebu fikirini! Mtu amevaa kazi ya fundi mwili mzima! Goti linakunjika, kiwiko kinakunjika, na mishale inateleza juu yake kama mvua juu ya paa. Nani aliyekata vile vyuma? Nani aliyelipima lile bega? Vita vyenyewe sikuvijali sana. Nilimvulia kofia yule fundi.

"Na wepesi?" nikauliza.

"Wepesi walivaa koti la ngozi au kitambaa kinene. Farasi wao wadogo, wa nyikani, wasiochoka. Silaha yao upinde. Hao hawaji kugongana na wewe. Wanakuzunguka, wanakurushia mishale, ukiwafuata wanakimbia. Ukichoka kuwafuata, wanageuka."

"Huyo si askari, Mwalimu. Huyo ni nzi."

"Nzi huyo aliwahi kutawala karibu sawa na Mwingereza," akasema, baada ya kutazama kwanza kama kuna mtu njiani. "Yako majeshi ya wazito yaliyowafukuza wepesi kutwa nzima yakidhani yanashinda. Mwisho yakajikuta kwenye tope, farasi wamekata pumzi, na wepesi wako pande zote."

Sikumsikiliza. (Ningemsikiliza, mngeniona hapa hivi?)

Basi Mwalimu akataka kuyaonyesha mambo hayo siku ya wazazi, ambayo ndiyo leo. Mzito mmoja, mwepesi mmoja, uwanjani, watoto waone kwa macho yao. Akaniomba nimtengenezee vazi la mzito. Yeye alitaka vipande vya bati vya kufunga kwa kamba, basi yaishe.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Kamati ya shule inatafuta mtu wa kutengeneza tangi kubwa la maji ya mvua. Mchungaji ndiye mwenye kauli, na Mchungaji alikuwa ameanza kuelekea kwenye tangi la dukani, la huku mjini, kwa sababu ameambiwa kazi zangu zinavuja. (Ndoo moja ilivuja. Moja! Na ilikanyagwa na ng'ombe.) Nikajiambia: Zefania, vazi hili ndilo litakalokusemea.

Kwa hiyo sikufanya vipande. Niliunga. Nyayo, miguu na kiuno, vyote kitu kimoja, maungio yamekunjwa mara mbili na kulehemiwa vizuri, ukipitisha kidole hukwami popote. Juu yake kifua. Mgongoni nikaacha mlango wa kuingilia, kutoka mabegani hadi kiunoni, wa kufunga kwa waya. Magoti hayakuweza kukunjika, hilo nakiri, basi niliyapinda kabisa tangu mwanzo na kuitanua miguu, kama ya mtu ambaye ameshapanda. Chapeo ni debe la mafuta ya taa lenye mwanya wa kuchungulia. Na kwa kuwa vipimo nilivichukua mwilini mwangu mwenyewe, Mwalimu, ambaye ni mwembamba kama mpini wa jembe, alipolijaribu alipotelea ndani.

"Itabidi uvae wewe, Fundi," akasema.

"Kama hakuna namna," nikasema. (Namna zilikuwepo. Nililala nikitabasamu.)

Leo asubuhi mke wangu, Mama Nderingo, ametangulia shuleni kupika. Ameondoka amekasirika. Alikuwa anatafuta gauni lake la kanisani, lile la maua, halioni.

"Umeliona?"

"Sijaliona."

Nilisema kweli. Nililiona baadaye! Nilipoingia ndani ya bati, bati likanikwaruza kila mahali, na suruali haikutaka kupenya. Nikatafuta kitu laini. Nyuma ya kitanda kulikuwa na kitambaa kimeanguka, chepesi, cha baridi, kizuri mno. Nikajua Mungu amenikumbuka. Nikakivaa. Kilikuwa na mikono ya kujaa upepo, nikaisukuma ndani ya bati.

Mwalimu akaja kunifunga mlango wa mgongoni. Akasimama kidogo. Akakohoa.

"Fundi, hili ua hapa begani..."

"Ni bitana," nikasema.

Mwalimu ni mtu mwenye adabu. Akakaza waya.

Vijana wanne wakanibeba hadi shuleni, kwa maana kutembea nisingeweza. Huko alinisubiri nyumbu. Si wale wa porini, la. Huyu ni mtoto wa punda na farasi, mkubwa, wa kukokota gari, tuliyeazimwa na Mgiriki mmoja mwenye shamba kule Nduruma. Naye nilikuwa nimemtengenezea bati la kifuani. Alisifiwa kwamba hashtuki. Nilishushwa juu yake kutoka barazani, watu wakapiga makofi, na mimi nikajiona ninavyong'aa. Jua la Meru likikupiga umevaa bati jipya, hata wewe mwenyewe unajiogopa.

Mwepesi alipaswa kuwa Mwalimu, juu ya punda wa Mama Namnyaki.

Mama Namnyaki ni Mwarusha wa upande wa Olasiti. Huja kwetu na punda wake wamebeba mahindi na magadi, akarudi na ndizi. Umri wake ni wa mama yangu mzazi. Mrefu, mkavu, shanga masikioni, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mama," nikamwamkia kutoka ndani ya debe.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Marahaba. Nani anaamkia?"

"Mimi, Zefania, fundi bati."

Akanisogelea, akanigonga kifua kwa fimbo. Kong! "Umeingia mwenyewe," akauliza, "au umewekwa?"

Mwalimu akampanda punda. Punda akamshusha. Akampanda tena. Safari hii punda alimsindikiza kabisa hadi kwenye majani.

"Ero, ero," Mama Namnyaki akamwita, kama wanavyowaita vijana wao. "Acha. Unamkalia kama kiti cha ofisini. Utamvunja mgongo. Lete hizo nguo za mwepesi nione."

Alipoziona hakuzitaka. Alikaza shuka lake, akashika manyoya ya shingo, na kabla hatujamaliza kushangaa alikuwa juu. Bila tandiko! Wazee wakaguna. Mwanamke juu ya punda, tena mzee, tena siku ya wazazi! Mchungaji akageuka kutazama kilele cha mlima kama kwamba hajakiona maisha yake yote.

"Mnaguna nini?" akasema. "Nilipokuwa msichana nilichunga ng'ombe nyikani. Mlidhani ndama aliyepotea alifuatwa na nani?"

Mwalimu akampa kikapu cha ndulele, matunda yale ya porini, mabichi, magumu. "Hii ndiyo mishale yako, Mama."

"Nirushe wapi?"

"Kwa Fundi."

"Popote?"

"Popote."

Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Kwanza ilikuwa zamu yangu. Mwalimu alikuwa amesimamisha magunia ya majani makavu ya migomba katikati ya uwanja, ndio askari wa miguu. Nikaelekeza mkuki, mti mrefu wa mkaratusi uliofungwa matambara kwenye ncha. Nyumbu akaanza polepole. Halafu akaanza kukimbia. Na bati langu likaanza kulia, kong-korong, kong-korong, na kadiri lilivyolia nyumbu alizidi kukimbia (sasa najua alikuwa anatukimbia sisi wenyewe). Jamani! Ardhi inatetemeka, upepo unapiga filimbi kwenye mwanya wa debe, mkuki umesimama mbele yangu kama neno la serikali. Tuliyaingia yale magunia. Yalifunguka! Moja liliruka likatua kwenye paa la jiko. Majani yalinyesha. Uwanja mzima ulinyanyuka.

Nawaambia bila aibu, pale nilielewa. Nilielewa kwa nini watu wenye mikuki na ngao waliona kitu kama hicho kikija wakakumbuka kazi za nyumbani. Mzito akija mbele hana mfano. Kupitia mwanya nilimwona Mchungaji amesimama, miwani mkononi.

Ningeshuka wakati ule, mngekuwa mnanisimulia mimi habari zangu. Lakini bado mwepesi.

Ndulele ya kwanza ilinipiga kisogoni. KONG! Ninyi hamjawahi kukaa ndani ya debe likipigwa. Sauti haitoki. Inazunguka mle ndani inakutafuta. Nikageuza kichwa, debe likageuka, mwanya ukabaki sikioni. Giza! Nikaurudisha kwa mkono. KONG! Sasa upande wa kushoto. Nikamgeuza nyumbu, na kumgeuza nyumbu ni kama kugeuza lori kwenye njia ya mgombani. Nilipomaliza kugeuka, yuko kulia. KONG!

Na kumbe alikuwa mzuri kutazama! Amelala juu ya shingo ya punda, miguu mirefu inakaribia kugusa majani, anamwongoza kwa magoti tu. Mkono mmoja unashika kikapu, mwingine unarusha. Anarusha akija. Anarusha akienda! Anageuka mwili mzima juu ya punda anayekimbia, anakulenga, na punda habadilishi mwendo. Mwalimu alikuwa anapiga kelele kwa wanafunzi wake, "Mnaona? Mnaona anavyogeuka?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia kwa furaha.

Kisha Mama Namnyaki akakimbia. Aliishika njia ya kuteremka, kuelekea mashamba ya chini, shuka jekundu linapepea.

"Anakimbia!" nikapiga kelele. "Nimemshinda!"

"Fundi, usimfuate!" Mwalimu akaita. "Fundi, hivyo ndivyo nilivyokuambia!"

Nilimfuata.

Nilikuwa naijua hila ile. Nimeisikia nikiwa nimekaa kibandani kwangu na kikombe cha chai. Lakini mtu aliyevaa bati jipya anaona mgongo wa adui mbele yake, anakumbukaje chai? Nikamchochea nyumbu. Migomba ikapita. Mama akapunguza mwendo ili nimkaribie (mwenyewe ameniambia), nikanyoosha mkuki, ncha ikabakiza kidogo tu imguse. Punda akaruka. Mbele yangu kulikuwa na mfereji wa maji ya mlimani, na kandokando yake tope la shamba lililomwagiliwa leo asubuhi.

Nyumbu akasimama.

Mimi sikusimama.

Nilitua chali ndani ya mfereji nikaenea barabara, kama kizibo kwenye chupa. Maji yakazuiwa na kichwa changu. Yakakusanyika. Yakaingia.

Hapo, ndugu zangu, haikuwa tena mchezo. Maji yalipanda ndani ya debe, kidevuni, mdomoni. Mikono haifiki usoni. Mwili haunyanyuki. Niliwasikia watu wanakuja wakicheka, wako mbali, hawajui. Nilianza sala nikaona haitaisha kwa wakati.

Kisha mikono miwili ikalishika debe ikaliinua juu ya maji. Mama Namnyaki alikuwa amerukia mferejini, maji yamemfika mapajani.

"Funga mdomo," akasema. "Pumua kwa pua. Usijisumbue, nimekushika."

Alinishika hivyo, peke yake, mama wa umri ule, mpaka vijana walipofika. Kisha akaingiza fimbo chini ya debe, akalichokonoa, likatoka. Nikaliona jua. Sijawahi kulipenda jua kiasi kile.

Vijana wakanivuta, wakanisimamisha ukingoni. Watu wakanizunguka, wakangoja maji yatoke.

Hayakutoka.

Wakainama, wakatazama nyayo zangu. Pakavu! Nimejaa maji hadi kiunoni, nasikika chubwi-chubwi nikipumua, na hata tone halidondoki. Mchungaji akavaa miwani. Akanizunguka taratibu. Akapitisha kidole kwenye ungio la paja, akakitazama kidole.

"Halivuji," akasema.

"Halivuji!" kamati ikaitikia nyuma yake. Mzee mmoja akauliza kama maji ya humo yanafaa kunyweshea ndama.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuona fahari. Laiti tungeishia pale! Lakini ilibidi nitoke. Waya wa mlango ulikuwa umejikunja, na mlango wenyewe umebonyea ukaingia ndani ya kiuno, haufunguki. Mama Nderingo akatokea katikati ya watu na mkasi wangu wa bati, alikimbia nyumbani kuuchukua, mke mwema.

"Subiri," nikamwambia. "Nitatolewa nyumbani."

"Utafikaje? Umejaa maji."

"Waniviringishe."

"Simama hapo."

Mkasi wa bati ukikata bati hulia kra, kra, kra. Nilisimama nimefumba macho nikiusikiliza ukishuka kutoka begani. Kra, kra, kra. Halafu ukalia fyaaa.

Mkasi ukasimama.

"Baba Nderingo," mke wangu akasema. "Hili ni gauni langu."

"Ni bitana, Mama," Mwalimu akasema haraka. Mungu ambariki, alijaribu.

Mlango ukafunguka. Vijana wakanishika kwapani wakanivuta juu kama muhogo. Nikatoka mbele ya Mchungaji, mbele ya kwaya, mbele ya watoto wanaoniita Babu Fundi, katika gauni la maua mekundu, limelowa, limeshika mwili, mikono inajaa upepo, limepasuliwa mgongoni kutoka shingoni hadi kwenye mkanda.

Sitawaeleza kicheko kile. Kwaya walishikana mabega. Mzee wa kanisa alikaa chini kwenye tope kwa hiari yake. Nyumbu, yule asiyeshtuka, alishtuka akaondoka na bati lake, na nasikia wamempata njia ya Nduruma, anarudi kwa Mgiriki wake.

Mtu mmoja hakucheka. Mama Namnyaki alivua shuka moja kati ya mawili aliyovaa, akanifunika mabegani, akalikunja mbele kama nilivyokuwa nikifunikwa na mama yangu.

"Ulipokuwa unakuja na ule mti," akaniambia polepole, "moyo wangu uliruka. Nimeona simba wakija. Wewe ulinitisha zaidi. Kama nisingekuwa na mahali pa kukimbilia, ungeniua."

"Asante, Mama."

"Ila hujui kuacha."

Akampanda punda wake, akawakusanya wale wengine, akaenda kupakia ndizi zake. Nimeona askari wakipita na bendera hapa mjini, nimeona mabwana wakubwa juu ya farasi wao wa kiwanjani. Sijaona mpanda kama yule.

Mchungaji alinifuata, bado anafuta machozi. "Tangi utatengeneza wewe, Fundi," akasema. "Ila nakuomba, usilivae."

Nikadhani mambo yameisha. Kumbe bado Mama Nderingo. Alinisindikiza hadi barabarani, kwenye lori la ndizi linaloteremka mjini, akanifungia suruali yangu kwenye kifurushi.

"Unakwenda Arusha leo hii," akasema. "Utatafuta kitambaa kama kilekile. Utakipeleka kwa fundi cherehani. Usirudi bila gauni."

"Na vipimo vyako, mama?"

"Vya nini?" akasema. "Akupime wewe."

Ndiyo sababu mnaniona kwenye baraza hili la cherehani. Haya, fundi mwenzangu, lete futi, nimesimama. Wengine tazameni barabarani. Anza na kifua. Na mikono, tafadhali, iachie nafasi kidogo.

(Msicheke. Ile ya kwanza ilinibana.)